Nilivyopanga slaidi za 3D kinyume nikamtia babu yangu marehemu hatiani

Wakuu, habari za huko mliko.

Naandika kutoka Palma, kaskazini kabisa mwa Cabo Delgado. Ukitoka Mtwara ukavuka Ruvuma, unatukuta.

Ninachosimulia ni kweli tupu. Wahusika wenyewe ni vikongwe wawili walio hai, wote wana ndimi kali, na mmoja ana mjukuu humuhumu jukwaani. Sina nafasi ya kutia chumvi.

Mimi dada yenu ni mpiga picha. Msianze kuwaza harusi na drone. Mimi ni wa tipo passe, zile picha ndogo za bilhete, yaani kitambulisho, za pasipoti, na za watu wanaoomba kazi kwenye mradi wa gesi. Kiti kimoja, shuka jeupe ukutani, "inua kidevu, usicheke", pronto, aje mwingine.

Miaka kumi na tatu nafanya hiyo kazi. Sura katikati, mabega sawa. Nikikutana na mtu barabarani kainamisha kichwa upande, natamani nimnyooshe.

Hilo la sura katikati lishikeni, litanitokea puani mbele ya safari.

Sasa kisa.

Bibi yangu mzaa mama anaitwa Bibi Mwajuma. Jirani yake anaitwa Bi Zena. Hawa wawili hawajasemeshana tangu mama yangu hajaolewa, na chanzo ni picha moja.

Picha ilipigwa siku ya Idi na marehemu kaka yake Bibi, Mjomba Bakari. Kwa hesabu ya ukoo ni babu yangu, lakini mama alimwita mjomba na sisi wote tukafuata.

Mjomba Bakari alikuwa dereva wa mzungu mmoja mpima ardhi. Mzungu alipoondoka alimwachia kamera ya lenzi mbili. Ukibonyeza mara moja inapiga picha mbili kwa mpigo, moja inavyoona jicho la kushoto, moja inavyoona jicho la kulia.

Filamu yake inatoa slaidi, yaani vipande vidogo vya filamu ya rangi ambavyo unavimulika kwa nyuma. Vile vipande viwili unavifunga kwenye fremu moja ya kadibodi yenye madirisha mawili, unaitia fremu kwenye kitazamio, unachungulia kwa macho yote mawili. Watu wanasimama, huyu mbele, huyu nyuma, mpaka unatamani kumshika mtu kiwiko.

Ndiyo 3D hiyo wakuu, na ilikuwepo Palma wengi wetu hatujazaliwa.

Kwenye hiyo picha, Bibi na Bi Zena wamekaa kwenye benchi bega kwa bega, wamevaa kanga sare. Enzi hizo walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Maandishi ya kanga siyataji, yataanzisha uzi mwingine.

Nyuma yao kasimama Babu Salum, mume wa Bibi. Na mkono wa Babu umetua begani kwa Bi Zena.

Narudia kwa waliosoma harakaharaka. Begani kwa Bi Zena, na mkewe yuko palepale pembeni.

Mjomba Bakari, Mungu amrehemu, hakuona kitu. Alichukua kipande kimoja kati ya vile viwili, akakisafishia picha kubwa ya karatasi, akamletea dada yake zawadi Idi iliyofuata. Bibi akaifungua mbele ya wageni.

Babu alijitetea mpaka anaingia kaburini. Alisema, "Nilishika siti ya baiskeli. Baiskeli ilikuwa imesimama nyuma yao."

Bibi anauliza, baiskeli gani, mbona haionekani?

Babu anaonyesha kitu cha duara kinachochungulia nyuma ya kiwiko cha Bi Zena, anasema hiyo ni ringi ya tairi. Bibi anasema huo ni ungo, umetundikwa ukutani. Hoja inafungwa hapo mpaka Idi nyingine.

Bi Zena yeye aliapa mara moja tu. Hakuaminiwa, akanyamaza. Kati ya nyumba mbili ukasimamishwa ua wa makuti, na nadhani hakuna ua uliowahi kukarabatiwa kwa bidii kama ule Palma nzima.

Halafu vita vikaja, tukakimbia. Sitaki kueleza sana. Nyumba zote mbili ziliungua. Studio yangu iliungua na kila kilichokuwemo.

Bibi alitoka na vitu vitatu: bilhete yake, msahafu, na ile picha. Albamu kaiacha. Picha za harusi yake mwenyewe kaziacha. Ushahidi kautia kifuani, kakimbia nao.

Kambini tulipangiwa hema moja na Bi Zena, miezi mitano. Mimi ndiye niliyelala katikati.

"Sakina, mwambie mwenzako asogeze ndoo."

"Sakina, mjibu nimeshasogeza."

Ndoo yenyewe iko hapo, wote watatu tunaiona. Sakina ndiye mimi.

Tukarudi, tukajenga kwenye viwanja vilevile. Kuta za nyumba zilikuwa bado hazijafika dirishani, ua wa makuti ulishasimama.

Sasa mwaka huu, kabla ya Ramadhani, mjane wa Mjomba Bakari aliyeko Mtwara akatuletea kopo la maziwa ya unga. Ndani kulikuwa na kile kitazamio na slaidi za Mjomba. Zilisalimika kwa sababu zilikuwa ng'ambo.

Fremu za kadibodi zilikuwa zimeoza kwa unyevu, naona Mjomba mwenyewe alivibandua vipande kabla hajafariki. Lakini alikuwa mtu wa mpango. Kila kipande kakitia kwenye kibahasha chake, juu kaandika namba kwa tarakimu za Kiarabu, zile za kwenye msahafu. Picha ya tano, kipande cha kwanza. Picha ya tano, kipande cha pili. Vivyo hivyo zote.

Picha ya saba ndiyo ile.

Wiki ileile Bi Zena akatangaza kwamba anahama. Mwanawe kamwita Mtwara akaishi huko moja kwa moja, gari linakuja baada ya wiki tatu, siku ya Jumapili. Na kama ilivyo ada yetu mtu anapohama, akaanza kupita kwa majirani kuomba radhi. Kwa Bibi hakupita, alinituma mimi.

Bibi akasema, "Radhi ninayo. Kwanza akiri."

Nikarudi upande wa pili. Bi Zena akasema, "Nikiri kitu ambacho sikufanya, kwenye umri huu? Basi, nitaondoka nacho hivyohivyo."

Wakuu, iliniuma. Bibi ana miaka themanini na kitu, Bi Zena hayuko nyuma. Akishavuka huyu, hakuna tena wa kuomba wala wa kutoa, kila mmoja atazikwa na donge lake.

Ndipo nikajitosa. Nilijua 3D inaonyesha umbali. Kama mkono uko begani, utaonekana begani. Kama uko nyuma kwenye baiskeli, utaonekana nyuma. Kwa mdomo wangu huu nikamwambia Bibi, "Picha ya kawaida inadanganya. Hii ya macho mawili haidanganyi."

Hiyo sentensi naomba muitunze.

Nikaanza kazi. Kadibodi ngumu nilikata kutoka kwenye boksi la printa mpya, wembe ninao, gundi ninayo. Kibano cha nyusi niliazima saluni, maana vile vipande huvishiki kwa vidole, alama za jasho hazitoki. Tableti yangu niliiwasha rangi nyeupe tupu nikailaza mezani, ikawa ndiyo mwanga wa chini. Juu yake nikaweka plastiki angavu ya kufunikia madaftari, niliyoichora mistari kwa kalamu nyembamba.

Kwanza nilihakikisha vipande havijageuzwa mbele nyuma. Hilo lilikuwa rahisi, niliangalia maandishi ya kanga. Yakisomeka, upande ni wenyewe.

Halafu nikafanya kile ninachokijua.

Sura ya Babu nikaiweka katikati ya dirisha la kushoto. Sura ya Babu nikaiweka katikati ya dirisha la kulia. Kila kipande nikakinyoosha peke yake mpaka mabega yakawa sawa. Ilikuwa kazi safi, afisa uhamiaji yeyote angeigonga muhuri.

Nikachungulia. Naona babu wawili, mmoja kapanda juu kidogo ya mwenzake, na jicho langu moja linataka kwenda darini. Kichwa kiliniuma mpaka kisogoni.

Bibi naye akachungulia, akakirudisha kitazamio upesi. "Mjukuu wangu, hii picha au dawa ya minyoo? Macho yananivutana."

Ikabidi niingie mtandaoni. Nikampata mzee mmoja wa Kijerumani mwenye video ndefu isiyo na maneno mengi, anapanga slaidi zake taratibu. Nitawafupishia, kwa atakayerithi kopo la namna hii.

Vipande viwili hupangi kila kimoja peke yake. Unavipanga kwa kuvilinganisha. Chagua kitu kimoja, mimi nilichagua kifungo cha shati la Babu, hicho lazima kikae kwenye mstari uleule wa mlalo pande zote mbili. Chagua kingine mbali na hapo, mimi nilichagua ncha ya benchi, nacho vilevile, ndiyo unajua hakuna kipande kilicholala upande. Kimoja kikizidi juu hata kwa unene wa uzi, macho yanalia.

Kwenda kushoto na kulia ndiko kunakoruhusiwa kutofautiana, maana hiyo tofauti ndiyo 3D yenyewe. Ukikaza sura katikati pande zote mbili, vitu vya nyuma vinatanuka kuliko macho yanavyoweza kutanuka, na vya mbele vinachomoza nje ya dirisha kwa fujo. Unatakiwa usogeze mpaka kile kilicho karibu zaidi, kwetu ni magoti ya wale wanawake, kikae nyuma kidogo tu ya ukingo wa dirisha.

Yaani lile jambo nililojengea jina Palma ndilo lililokuwa kosa.

Nilipanga, nikabandua, nikapanga. Energia, yaani umeme, ikikatika nakaa nangoja. Karibu wiki mbili zimekwenda hivyo, wateja wa tipo passe wananuna nje. Mwishowe kifungo kikakaa, benchi likakaa, macho yakatulia.

Kilichobaki ni kipande kipi kiende kushoto na kipi kulia. Hilo sikulipa hata dakika. Kibahasha cha kwanza nikaweka kushoto, cha pili kulia. Moja, mbili. Nani hajui kuhesabu?

Alhamisi baada ya alasiri nikachungulia.

Kweli watu walisimama! Ila palikuwa na kitu cha ajabu, ukuta ulikuwa umesogea huku kwangu, na watu wamekaa ndani yake. Lakini wakuu, mimi 3D ya slaidi sijawahi kuiona maishani. Nikadhani ndivyo inavyokuwa.

Nikaangalia mkono.

Mkono wa Babu ulikuwa mbele. Sizungumzii begani, ulikuwa mbele ya bega la Bi Zena, umemfikia na kumpita.

Nilitaka kusema slaidi imeharibika, lakini Bibi alishanyoosha mkono kudai kitazamio. Akachungulia muda mrefu, mdomo wake ukitembea polepole.

"Mkono huu hapa," akasema. "Umetoka mpaka nje."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Alikiweka kitazamio juu ya mkeka, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Salum, Salum," akasema. "Miaka yote nilikuwa nangoja mtu anionyeshe nimekosea."

Wakuu, mnaweza kucheka sehemu nyingine za huu uzi, hapo msicheke. Mimi niliumia mara mbili. Babu Salum ndiye aliyenilea. Alinipakia kwenye baiskeli yake kila asubuhi kunipeleka escola, shule ya serikali, akinisimulia mambo njia nzima. Nilimchukia marehemu usiku ule wote na nusu ya siku iliyofuata, kwa sababu nilikuwa na uhakika. Si nilisema haidanganyi?

Bibi akanituma. "Nenda kwa huyo wa upande wa pili. Mwambie prova ipo, ushahidi umeonekana kwa macho mawili. Aje akiri, aondoke."

Nikaenda Ijumaa baada ya sala. Nilimkuta Bi Zena anafunga mikeka, masufuria yameshatiwa kwenye gunia.

Nikaamkia, nikasema nilichotumwa. Nilisema nikitazama chini.

Bi Zena aliketi juu ya gunia, akafuta miwani yake, akasema, "Lete na mimi nione nilivyoshikwa."

Akachungulia. Mara mabega yakaanza kumtikisika. Nikajua analia, nikasogea nimshike. Kumbe anacheka.

"Sakina, mbona ukuta uko mbele yetu? Tulipigwa picha kutoka ndani ya nyumba?"

Nikasema ndivyo 3D ilivyo.

"Ndivyo ilivyo magoti yangu kukaa nyuma ya mgongo wangu?"

Akaomba vile vibahasha. Akavisogeza karibu na mlango kwenye mwanga. Lazima niwaambie kwamba Bi Zena ndiye aliyekuwa anafundisha chuo cha Kurani cha watoto wa kike mtaani kwetu, mimi mwenyewe nilichapwa naye.

"Mwanangu, mimi nilikufundisha mstari unaanzia wapi?"

"Kulia, Bi Zena."

"Na Bakari alisomea chuo kwa nani?"

"Kwa marehemu baba yako."

"Basi moja ya Bakari iko kulia. Yule mtu hata vikombe alikuwa anavipanga kuanzia kulia. Wewe umempangia kiescola."

Wakuu, nilihisi masikio yanawaka. Miaka sita nimesoma kuanzia kulia, siku ninayohitaji nimehesabu kuanzia kushoto. Nimekwenda mpaka Ujerumani kwa video, na jibu liko nyuma ya ua wa makuti.

Ukivibadilisha vile vipande, jicho la kushoto linapewa picha ya la kulia, na la kulia linapewa ya kushoto. Umbali wote unapinduka. Cha mbele kinakwenda nyuma, cha nyuma kinakuja mbele. Ndiyo maana mkono uliokuwa nyuma kabisa ulikuja kutua mbele.

Sikutaka kumwamini mtu tena, hata Bi Zena, nikadai kipimo. Na ninyi jaribuni sasa hivi mlipo. Nyoosha kidole mbele ya uso, kitazame pamoja na mlango wa nyuma yake. Fumba jicho la kulia. Sasa fumba la kushoto. Mmeona? Ukitazama kwa jicho la kushoto peke yake, kidole kinasogea upande wa kulia wa mlango. Basi slaidi ya kushoto ni ile ambayo kitu cha mbele kimesogea kulia.

Nikavitazama vipande vyote viwili juu ya tableti. Kwenye vyote mkono unaonekana uko begani, tofauti ni unene wa kucha. Lakini kwenye kile kilichoandikwa mbili, bega la Bi Zena ndilo lililosogea kulia ukilinganisha na ukuta. Cha pili ndicho cha kushoto. Mjomba Bakari hakukosea kitu.

Nikabandua palepale, juu ya gunia la masufuria. Sasa mkono umeshazoea, kifungo kwenye mstari, benchi kwenye mstari, na nikapanga moja kulia, mbili kushoto. Bi Zena alinishikia tableti isiyumbe.

Nikachungulia.

Ukuta ulirudi nyuma kwenye nafasi yake. Magoti yakaja mbele. Bibi na Bi Zena wamekaa, wasichana wawili, unaona hewa kati yao na kilichoko nyuma yao. Babu kasimama huko nyuma, hatua mbili nzima, na mkono wake umetulia mbali na mtu yeyote. Na ule ungo umebanduka ukutani. Uko umbali uleule na mkono, wima, mwembamba. Ringi ya tairi.

Nililia wakuu. Nilimwomba Babu radhi kimoyomoyo.

Bi Zena alichungulia kwa muda, hakucheka tena. Akasema, "Mpelekee. Usimwambie kwamba mimi ndiye niliyeiona."

Jumamosi asubuhi nikamwekea Bibi kitazamio mkononi, sikusema neno. Nilikuwa nimejifunza.

Alichungulia mpaka chai ikapoa.

"Ungo umetoka ukutani," akasema.

"Bibi, si..."

"Najua kama si ungo."

Akaendelea kuchungulia. Halafu akauliza, "Nani kakurekebishia?"

Nikajifanya nafunika kopo.

"Si wewe. Wewe juzi ulikuwa na uhakika sana."

Akainuka, akatafuta mtandio wake. Nikajua anakwenda barabarani azunguke mpaka mlango wa mbele wa Bi Zena. Hakuzunguka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ua, akaugonga kwa fimbo. "Toa makuti haya mawili."

Nikatoa. Akapita. Mimi nikabaki upande wetu nimeshika makuti, na kama kuna mtu anadhani sikusikiliza, hanijui.

"Zena."

"Abee."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya baiskeli."

Bi Zena akasema, "Nimekupa zamani, Mwajuma. Nilikuwa nangoja uje uichukue."

Sikusikia tena maneno, nilisikia kilio cha wawili. Nikaweka makuti chini, nikaenda kupasha chai.

Jumapili gari likaja, mizigo ikapakiwa. Bi Zena akaiomba ile picha ya kwenye fremu. Nikasema hakuna tabu, niachieni dakika chache niiskani, kila mmoja atakuwa nayo kwenye simu.

Bibi akasema, "Lete mkasi."

Nikauliza wa nini.

"Ikate katikati. Zena achukue jicho lake, mimi nibaki na langu. Akitaka kumwona Salum kashika baiskeli, avuke aje na chake. Mimi nikitaka, nitavuka na changu."

Nikasema Bibi, hii kazi ni ya wiki tatu. Kifungo kimekaa kwenye mstari. Benchi limekaa kwenye mstari.

"Lete mkasi, Sakina."

Nikakata. Halafu wakaanza kugombania nani achukue kipande cha kwanza. Bi Zena anasema yeye ndiye aliyekitambua, Bibi anasema Bakari ni kaka yake. Dereva anapiga honi. Wamesemezana hivyo dakika kumi nzima, wao kwa wao, hakuna aliyesema Sakina mwambie mwenzako. Kipande cha kwanza kaondoka nacho Bi Zena.

Kwa hiyo mafanikio yangu yote ni haya. Vikongwe wawili, mmoja Palma, mmoja Mtwara, kila mmoja ana slaidi moja. Na ukiitazama moja peke yake, mkono wa Babu uko begani kwa Bi Zena vilevile.

Nilichojifunza wakuu. Kwanza, kabla hujapanga kitu cha mtu, jua alifundishwa kuanzia wapi. Pili, mashine ikikuonyesha jambo baya kuhusu mtu unayempenda, ikague mashine kabla hujamkana mtu. Mimi nilikuwa na haraka ya kuamini kifaa kwa sababu nilikipanga mwenyewe.

Tatu ni ombi zaidi kuliko funzo. Mwenye kujua fremu za slaidi za madirisha mawili zinapatikana wapi, Dar, Mtwara, Nampula, popote, aniambie, kopo bado limejaa. Na kama kwenu kuna picha iliyovunja udugu, isimulieni hapa. Wenye matusi pia karibuni, nimelala hema moja na wale wawili, hamtanitisha.

Nimerudi kuongeza kidogo. Mkuu uliyeuliza hapo chini kama wameshaonana tena: bado. Wanapigiana simu kila siku kulaumiana kwamba mwenzake haji.

Ila leo asubuhi Bibi kaja studio kavaa kanga mpya. Kaketi kwenye kiti bila kuombwa, kaiweka pochi yake magotini, ndani nimeona kibahasha cha Mjomba Bakari. Anataka pasipoti. Maisha yake yote hakuwahi kuitaka.

Nikamwambia ainue kidevu, asicheke. Akacheka. Nimempiga mara nne ndipo akatulia, sura katikati, mabega sawa.